Mwimbaji yuko mbele yako au yuko kichwani? Spika na hedifoni, kinachotofautisha ni nini hasa

Chukua wimbo mmoja unaoujua vizuri, ule ambao unajua mpaka mwimbaji anavuta pumzi wapi. Upige kwenye spika mbili, kaa katikati, fumba macho, afu jiulize swali moja tu: huyu mwimbaji yuko wapi? Utanyoosha kidole mbele, pale kati ya spika, mahali ambapo hakuna kitu chochote zaidi ya ukuta. Sasa vaa hedifoni, wimbo uleule, sekunde zilezile, jiulize tena. Safari hii huna pa kunyoosha kidole. Mwimbaji yuko ndani ya kichwa chako, nyuma ya macho hivi, kati ya sikio na sikio.

Hiki kitu kilinisumbua muda mrefu sana kwa sababu kila nikiuliza kati ya spika na hedifoni kipi kinapiga muziki vizuri nilikuwa napewa majibu ya vifaa, chukua hii, ile ina besi, achana na zile. Hakuna aliyeniambia kwamba hata ukipata spika nzuri kuliko zote duniani na hedifoni nzuri kuliko zote bado hazitasikika sawa, na haziwezi kusikika sawa, kwa sababu tofauti kubwa haiko kwenye kifaa, iko kwenye njia ambayo sauti inapita mpaka ifike sikioni. Ukishaielewa hiyo njia mengi yanajieleza yenyewe: kwanini besi ya hedifoni haigongi kifua, kwanini wimbo fulani wa zamani unakuchosha ukivaa hedifoni, kwanini spika zilezile kwa rafiki yako zinapiga vizuri na kwako zinanguruma tu.

Tuanze na wimbo wenyewe. Muziki wa stereo una chaneli mbili, ya kushoto na ya kulia, basi. Chaneli ya katikati haipo. Unapomsikia mwimbaji katikati ni kwa sababu aliyemiksi wimbo ameiweka sauti yake sawasawa kwenye chaneli zote mbili, na ubongo ukipokea sauti ileile, kwa nguvu ileile, kwa wakati uleule kutoka pande mbili, unaamua kwamba mwenye sauti atakuwa amesimama katikati. Gitaa likizidishwa kidogo kushoto, ubongo unalisogeza kushoto. Jukwaa zima unalolisikia mbele yako limejengwa na ubongo wako kutokana na tofauti ndogondogo za chaneli mbili, na mimi mpaka leo nikilifikiria hili naona ni jambo la ajabu kweli.

Aliyeufanyia kazi mpango huu kwa undani ni injinia Mwingereza, Alan Blumlein, wa kampuni ya EMI, ambaye aliomba hataza mwaka 1931. Inasemekana kilichomsukuma ni sinema, unamuona mtu yuko upande mmoja wa skrini huku sauti yake inatoka upande mwingine. Cha kushika hapo ni kwamba alikuwa anawaza spika zilizo mbele ya watu, watu wenye vichwa na masikio mawili, ndani ya ukumbi. Na nyimbo nyingi tunazosikiliza zimejengwa kwenye msingi huohuo, injinia amekaa studio, mbele yake kuna spika mbili, na maamuzi mengi ya nani akae wapi ameyafanya kwa kusikiliza hizo spika. Hedifoni anaivaa pia, ila mara nyingi ni ya kukagua.

Sasa twende kwenye masikio maana hapa ndo kwenye fundo lenyewe. Mwaka 1907 mwanafizikia Lord Rayleigh alieleza kwamba mtu anajua sauti imetoka upande gani kwa njia mbili. Kwa sauti nzito ubongo unaangalia muda, sauti ya kutoka kushoto inafika sikio la kushoto kwanza afu ndo la kulia, na hata ikitoka ubavuni kabisa huo mpishano hauzidi sana milisekunde 0.7, yaani chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde, na ubongo unaudaka. Kwa sauti nyembamba ubongo unaangalia nguvu, kwa sababu mawimbi yake ni mafupi na kichwa kinayazuia, kwa hiyo sikio la upande wa pili linakuwa kama limekaa kivulini, linapokea kidogo.

Weka spika mbili mbele ya mtu sasa. Watu wengi wanadhani spika ya kushoto ni ya sikio la kushoto na ya kulia ni ya sikio la kulia. Hapana. Sikio lako la kushoto linasikia spika ya kushoto, na baada ya kama robo ya milisekunde linasikia na ya kulia, ikiwa imepungua kidogo kwa sababu imezunguka kichwa. La kulia hivyohivyo. Kila sikio linasikia spika zote mbili! Sauti zinapishana hewani kabla hazijakufikia, na huko kupishana ndo kunakofanana na sauti za dunia ya kawaida, kwa sababu hakuna kitu duniani kinachosikika na sikio moja tu labda mbu aliyekusogelea kabisa au mtu anayekunong'oneza.

Hedifoni inakata hiyo njia. Chaneli ya kushoto inaingia sikio la kushoto tu, ya kulia inaingia la kulia tu, hakuna kupishana, hakuna kivuli cha kichwa. Ubongo unapokea taarifa ambayo haijawahi kuipata kwa kitu chochote kilichosimama mbali nawe. Mwimbaji anasikika sawa masikio yote mawili, sawa, kwa hiyo yuko katikati, lakini hakuna alama yoyote inayoonyesha yuko umbali gani, na ubongo ukikosa alama za umbali unamweka ndani ya kichwa. Ndo jibu la lile swali la mwanzo.

Na kuna alama nyingine mbili zinazopotea hapo. Ya kwanza ni mikunjo ya sikio la nje. Ile mikunjo haikuwekwa kama pambo, kila sauti nyembamba inayoingia inagongana nayo na kubadilika kidogo kutegemea imetoka mbele, nyuma, juu au chini, na ubongo umejifunza hayo mabadiliko tangu utotoni kwa masikio yako wewe, sio ya mtu mwingine. Spika iliyo mbele inapita kwenye mikunjo ikitokea mbele. Hedifoni inayofunika sikio inapiga ikitokea ubavuni. Iafoni za kuchomeka ndani zinairuka mikunjo yote. Ya pili ni kugeuza kichwa. Mbele ya spika ukigeuka kidogo kulia, mwimbaji anabaki palepale ukutani na masikio yanapokea mabadiliko yanayoendana na hilo, kwa hiyo ubongo unathibitisha kwamba kweli kitu kiko nje, kimetulia. Ukiwa na hedifoni ukigeuka bendi nzima inageuka na wewe. Hakuna bendi inayofanya hivyo.

Hapa ndo utaelewa kwanini nyimbo nyingi za miaka ya 1960 zinakera kwenye hedifoni. Stereo ilikuwa bado changa, rekodi za stereo zilianza kuingia sokoni mwishoni mwa miaka ya 1950, na studio nyingi zilikuwa na mitambo ya traki chache, yaani njia chache za kurekodia kila sauti peke yake, kwa hiyo unakuta waimbaji wote wamewekwa kulia kabisa na ngoma na gitaa kushoto kabisa. Kwenye spika haina shida, sauti zinapishana hewani, chumba kinazichanganya, unasikia watu wamesimama kwa kuachana. Ukivaa hedifoni sikio moja lina waimbaji na lingine lina ngoma na katikati pako patupu, baada ya dakika 20 unahisi uzito kichwani bila kujua unatoka wapi. Rekodi haina ubaya wowote, imepitishwa tu njia ambayo haikutengenezewa.

Upo pia mfano wa kinyume. Mwaka 1881 huko Paris, mvumbuzi Mfaransa Clément Ader aliweka maiki za simu mbele ya jukwaa la Opera na watu waliokuwa kwenye maonyesho ya umeme wakasikiliza kwa kushika vipokezi viwili, kimoja sikio hili, kingine sikio lile, na walishangaa kwamba wanaweza kujua mwimbaji amehama upande. Yaani usikilizaji wa chaneli mbili ulianzia masikioni kabisa, spika zikaja baadaye sana. Hedifoni za stereo za kusikilizia muziki nyumbani zilikuja kupata umaarufu kuanzia 1958 na zile za John Koss wa Marekani, na 1979 Sony wakatoa Walkman, ndipo watu wakaanza kutembea na muziki wao masikioni.

Haya, chumba. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndo sehemu inayodharauliwa kuliko zote na ndo yenye nguvu kuliko zote.

Ukisikiliza spika hausikilizi spika peke yake. Sauti inatoka, sehemu inakuja kwako moja kwa moja, nyingine inagonga ukuta wa pembeni, sakafu, dari, kioo cha dirisha, afu ndo inakuja. Ubongo hauzisikii kama mwangwi kwa sababu zimechelewa kidogo mno. Mtafiti Helmut Haas alionyesha mwaka 1949 kwamba sauti ileile ikirudi ndani ya kama milisekunde 30 ubongo unaiunganisha na ile ya kwanza na unaendelea kuamini imetoka kule ilikotoka ya kwanza. Kwa hiyo kuta zinaongeza upana na unene, muziki unakuwa na mwili, unajaa chumba, na hiyo ni raha ambayo hedifoni haikupi. Ila kuta hizohizo zikiwa tupu kabisa, saruji, vigae, kioo, hakuna pazia wala kapeti wala kochi la kitambaa, sauti nyembamba zinarukaruka mpaka maneno ya mwimbaji yanakuwa na ukungu. Piga kofi moja ndani ya chumba chako. Ukisikia mlio kama chuma kinatetemeka baada ya kofi, spika zako zinapigana na huo mlio kila siku.

Besi ndo ina mambo zaidi. Sauti inasafiri kama mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo wimbi la Hezi 20,000 (Hezi ni idadi ya mitetemo kwa sekunde, ikiwa kubwa sauti ni nyembamba) lina urefu wa kama sentimita 1.7 tu, lakini wimbi la Hezi 20 lina mita 17, refu kuliko chumba chako. Mawimbi marefu namna hiyo yakiwa ndani ya kuta yanagonga, yanarudi, yanakutana yenyewe kwa yenyewe, sehemu nyingine yanajumlishana na sehemu nyingine yanafutana. Chumba chenye urefu wa mita 4 kinajumlisha zaidi kwenye Hezi 43 hivi, chukua 343 gawanya kwa mara mbili ya urefu. Uzi mnene wa gitaa la besi ukipigwa wazi ni Hezi 41. Unaona? Yaani noti zile za chini kabisa za mpiga besi, chumba chako chenyewe kinazivimbisha, noti inayofuata juu kidogo inasikika hafifu, wewe unalaumu spika, unanunua nyingine, unaziweka palepale, tatizo lilelile.

Mimi nilikaa miaka nikiamini spika zangu hazina besi. Nilikuwa nimeweka kochi katikati kabisa ya chumba kwa sababu ndo palipopendeza macho, na katikati ya urefu wa chumba ndipo lile wimbi la kwanza linapojifuta. Siku nilipolisogeza kochi nyuma, kama mita moja tu, besi ikarudi kana kwamba kuna mtu amewasha sabwufa, na niliumia moyoni kwa ile miaka yote niliyopoteza nikitafuta amplifaya yenye nguvu zaidi wakati dawa ilikuwa kusukuma kochi.

Mahali spika ilipo nako kuna habari zake. Besi haiendi mbele tu kama sauti ya twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, inazunguka pande zote, inaenda mpaka nyuma ya spika, inagonga ukuta inarudi. Spika ikisogezwa karibu na ukuta besi inaongezeka, ikiwekwa kwenye kona inaongezeka zaidi, na ikikaa mita moja toka ukutani, lile wimbi linalorudi linakuwa limetembea mita 2 za ziada na linapunguza eneo la Hezi 86 hivi, pale ambapo kiki, ile ngoma kubwa inayopigwa kwa mguu, ina uzito wake. Kwa hiyo ukiambiwa spika fulani ina besi nzuri, uliza kwanza ilikuwa imewekwa wapi.

Hedifoni haijui habari za chumba. Hiyo ndo faida yake kubwa na watu hawaisemi vya kutosha. Umo kwenye chumba kibaya, kizuri, kidogo, kikubwa, unasikia kilekile. Besi yake haitegemei kuta, inategemea imefunga vizuri sikioni, hasa zile zilizofungwa nyuma na zile za kuchomeka. Pakiwa na upenyo kidogo, miwani imeinua mto, nywele zimeingia katikati, kampira ka iafoni ni kadogo kuliko tundu la sikio, besi inavuja na unabaki na sauti ya bati. Kabla hujasema iafoni mbaya badilisha kale kampira, jaribu saizi zote zilizokuja nazo, wengi wanavaa saizi isiyo yao kwa miaka.

Ila hata hedifoni ikifika chini kabisa mpaka Hezi 20, kuna kitu hakitatokea. Besi ya spika kubwa inakufikia mwili mzima, unaisikia kifuani, kwenye kochi, kwenye nyayo, ngozi nayo inashiriki. Hedifoni inasukuma hewa kidogo tu iliyofungiwa kati ya mto na ngoma ya sikio. Noti unaisikia yote lakini pigo halikufiki, na ndo maana muziki wa kucheza ukiuhamishia kwenye hedifoni unaufuata kwa akili kuliko kwa mwili. Watu wengi wakikosa lile pigo wanalifidia kwa kuongeza sauti, na hilo nitalirudia kwa sababu lina madhara.

Kwenye vitu vidogovidogo hedifoni inashinda, na inashinda mbali. Vidole vinavyoteleza kwenye nyuzi, mwimbaji akifungua mdomo kabla ya neno, kiti kinacholia, sauti ya pili iliyofichwa nyuma ya kiitikio ambayo umeusikiliza wimbo miaka 10 hukuijua. Sababu yake ni ya kawaida tu, chumba unachodhani kimetulia kina kelele zake, feni, barabara, friji, na hizo pamoja na sauti zinazorudi toka ukutani zinaufunika upande mwororo wa wimbo. Hedifoni iko sentimita chache tu toka kwenye ngoma ya sikio, hakuna kitu katikati. Halafu hedifoni nyingi zinatumia kiwambo kimoja kwa sauti zote, wakati spika inagawa kazi, wufa, ile spika kubwa, inabeba nzito na twita nyembamba, na pale zinapopokezana lazima waliotengeneza wawe makini, la sivyo unasikia pengo.

Lakini kusikia zaidi na kusikia sahihi ni vitu viwili. Kuna jambo linatokea kwa mwimbaji wa katikati ambalo nililijua kwa kuchelewa. Kwenye spika sauti yake inafika kila sikio mara mbili, kutoka spika ya karibu, afu robo ya milisekunde baadaye kutoka ya pili, na robo ya milisekunde ni sawa na nusu ya wimbi la Hezi 2,000, kwa hiyo kwenye eneo hilo sauti mbili zinapunguzana. Hezi 2,000 ni pale ambapo maneno yana makali yake. Injinia anayemiksi kwa spika anasikia hilo shimo na anaweza kulifidia bila hata kujua, ndipo wewe unavaa hedifoni ambayo haina shimo na mwimbaji anakuja na makali kuliko ilivyokusudiwa. Siku nyingine ukiona sauti inachoma kwenye hedifoni na kwenye spika imetulia, huenda ni hili.

Utasikia pia watu wanabishana kuhusu hedifoni isiyoongeza wala kupunguza kitu. Kwa spika neno hilo lina maana nyepesi, unaweka maiki mbele yake, unapima, sauti nzito na nyembamba zote zinatoka kwa nguvu sawa, mstari wa grafu umenyooka. Mtafiti Floyd Toole alifanya majaribio miaka mingi, kwanza kwenye National Research Council ya Kanada, baadaye Harman, kampuni ya vifaa vya sauti, wasikilizaji hawaoni ni spika gani inapiga, na matokeo yakawa yanarudi kulekule, wengi wanapenda spika iliyonyooka mbele na ambayo hata sauti inayotoka ubavuni mwake ni laini isiyo na mabonde. Kwa hedifoni huwezi kunyoosha mstari hivyo, kwa sababu sikio la mtu lenyewe linakuza sana eneo la Hezi 3,000 hivi kabla sauti haijafika kwenye ngoma ya sikio, na hedifoni lazima ilete hiyo nyongeza la sivyo inasikika imezibwa. Sean Olive na wenzake, Harman hukohuko, wakaja na majaribio ya hedifoni miaka ya 2010, na walichokuta kinanifurahisha sana: hedifoni ambazo watu wengi walizipenda ni zile ambazo uwiano wake wa sauti unakaribia spika nzuri iliyo ndani ya chumba kizuri. Yaani hata tukiwa tumevaa hedifoni masikio bado yanatamani chumba.

Kuhusu hedifoni zilizo wazi nyuma, zile zenye matundu, niseme kwa kifupi. Zinaruhusu sauti itoke na hewa ipumue, jukwaa linasikika limepanuka kidogo, uchovu unapungua, ila aliye jirani anasikia muziki wako wote na wewe unasikia mambo yake yote. Ukiwa peke yako mahali tulivu ni tamu sana. Bado mwimbaji hatoki kichwani, anasogea kidogo tu.

Sasa lile la madhara. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2022 kwamba zaidi ya vijana bilioni 1 wako kwenye hatari ya kupoteza usikivu kwa sababu ya kusikiliza kwa sauti kubwa, na kikomo wanachotoa kwa mtu mzima ni desibeli 80 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa saa 40 kwa wiki. Kila ukiongeza desibeli 3 muda unakatika nusu, kwa hiyo ukiwa desibeli 90 una saa 4 tu, wiki nzima! Spika nayo inaweza kukuumiza, hilo lisikupite, ila spika ina walinzi wengi, ukiipandisha mlango unagongwa, mazungumzo hayawezekani, na ukirudi nyuma inapungua. Hedifoni haina hata mmoja. Hakuna anayelalamika, umbali haubadiliki, na kama uko kwenye kelele unaongeza ili ushinde kelele, afu kelele ikiisha husahihishi. Vile vinyweleo vidogo vya ndani ya sikio vikifa havioti tena. Hili nakuomba ulichukulie kwa uzito kabisa: ukivua hedifoni ukasikia masikio yanalia ngiii, ulipitiliza, punguza, pumzika. Zile zinazofuta kelele za nje zinasaidia kweli kwa sababu unaweza kusikiliza chini zaidi.

Na sauti ya chini ina tabia yake ambayo inawakuta watu wa spika usiku. Watafiti Fletcher na Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba sikio linapoteza besi haraka kuliko sauti za kati pale unapopunguza sauti. Ndo maana wimbo uliojaa mchana ukiupiga kwa sauti ya chini usiku unakuwa kama umekonda. Usiku wa namna hiyo mimi navaa hedifoni tu, maana nikitaka besi irudi kwenye spika lazima nipandishe mpaka nisumbue waliolala.

Watu wamejaribu kuziba pengo kati ya hizi njia mbili. Injinia Benjamin Bauer aliandika mwaka 1961 jinsi ya kuchukua kiasi kidogo cha chaneli ya kushoto, kukichelewesha kidogo, na kukipeleka sikio la kulia, na kinyume chake, yaani kuiga kule kupishana kwa hewani. Leo apu kadhaa za muziki na amplifaya kadhaa za hedifoni zina hiyo swichi. Usitegemee miujiza, mwimbaji hataruka mpaka ukutani, ila zile nyimbo za miaka ya 1960 zinasikilizika kwa amani, na nikiwa nazo siizimi kabisa. Wengine wanarekodi kwa kichwa bandia chenye maiki ndani ya masikio, Neumann, kampuni ya maiki, walikuwa na cha kwao tangu miaka ya 1970, na rekodi hizo kwenye hedifoni zinatisha, mtu anapita nyuma yako unageuka. Tatizo ni kwamba mikunjo ya masikio ya kile kichwa sio yako, kwa hiyo kwa baadhi yetu kilichokuwa mbele kinasikika kipo juu au nyuma. Na sasa zipo hedifoni zenye vihisi vinavyojua umegeuza kichwa, bendi inabaki mbele ukigeuka. Nilipozijaribu kwa mara ya kwanza nilivua moja haraka nikidhani simu inapiga kwa nje.

Mtu akiwa na wenzake mjadala wa vifaa unakwisha wenyewe, spika inaweka muziki katikati ya watu, mnasikia kitu kimoja kwa pamoja, mmoja anasema sikia hapo na wote wanasikia hapo. Nikiwa peke yangu na wimbo mpya, mara ya kwanza kabisa nausikiliza kwa spika ili niupokee kama ulivyopangwa, mara ya pili kwa hedifoni ili nizunguke ndani yake nione umejengwaje. Nikigeuza huo mpangilio naona naanza kushika vitu vidogo kabla sijaupenda wimbo wenyewe.

Kama una spika mbili zimekaa tu kokote, moja juu ya kabati na nyingine sakafuni, fanya hivi kabla hujatumia senti yoyote. Zishushe au zipandishe mpaka twita ziwe usawa wa masikio yako ukiwa umekaa. Pima umbali kati ya spika na spika, afu kaa umbali uleule toka kila moja, pembetatu ya pande sawa. Hakikisha nyaya nyekundu na nyeusi zimeingia sawasawa pande zote mbili, maana ukigeuza upande mmoja besi inapotea na mwimbaji anatawanyika chumba kizima. Kochi lisiwe katikati kabisa ya chumba wala lisigusane na ukuta wa nyuma. Halafu weka wimbo wenye sauti moja ya mtu na vyombo vichache, geuza spika zikutazame kidogokidogo, sogeza moja sentimita 5, sikiliza, sogeza tena. Kuna sehemu mwimbaji anakuwa mpana, hana umbo, afu ghafla anakusanyika anasimama mahali pamoja kati ya spika, unaweza hata kukadiria mdomo wake uko kimo gani. Hapohapo acha kusogeza, chukua tepu, weka alama sakafuni.